Dari ya Nani? Wakaazi wa Majumba ya Serikali na Matengenezo ya Kuokoa Umeme

Kila linapozuka suala la kupunguza matumizi ya umeme majumbani hapa Zanzibar, mazungumzo huelekea upande mmoja: wananchi waelimishwe. Waelimishwe kuzima taa, waelimishwe kuhusu friji, waelimishwe kuhusu viyoyozi. Ninaandika makala haya kuupinga mwelekeo huo, khasa unapowahusu wakaazi wa majumba ya serikali, yaani Michenzani, Kikwajuni na Kilimani kwa Unguja, na Madungu, Mtemani na kwengineko kwa Pemba. Watu hawa wanaujua umeme kuliko wanavyodhaniwa, wanaupima kila siku, na wanaposita kuunga mkono matengenezo ya kuokoa nishati hawasiti kwa ujinga. Wanasita kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa maandishi dari ni ya nani, ukuta ni wa nani, na faida itakayopatikana itakwenda kwa nani.

Ushahidi wa kwanza uko ukutani, kwenye mita ya Tukuza, yaani ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Mkaazi wa kawaida wa flati hanunui umeme wa mwezi mzima. Hununua wa siku mbili tatu kwa kadiri ya kilichopatikana, akaingiza tarakimu ishirini za risiti moja moja, akasubiri mita ikubali, kisha akatazama yuniti zilizoongezeka. Kuanzia hapo kila kifaa kina hesabu yake. Pasi hupigwa mara moja kwa wiki, sare za skuli za watoto wote pamoja na kanzu ya Ijumaa, kwa sababu pasi ikishapata moto ni hasara kuiacha ipoe na kuiwasha tena kesho. Friji huzimwa usiku yuniti zikibaki chache, na samaki aliyenunuliwa sokoni asubuhi hupikwa siku ile ile. Pangaboi la ukumbini huachwa linazunguka huku la chumbani limezimwa, na watoto wote huhamia ukumbini na magodoro yao. Watu wanaoishi hivi hawahitaji bango la kuwaambia kuwa umeme ni pesa. Anayelipa ankara mwisho wa mwezi anaweza kusahau alichokitumia. Aliyenunua yuniti asubuhi na kuziona zimepungua jioni hasahau.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika hesabu za miradi. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilinganisha nishati iliyokadiriwa kutumika katika nyumba za Ujerumani na ile iliyotumika kweli, wakakuta kuwa kwa wastani wakaazi walitumia pungufu ya makadirio kwa takriban asilimia 30, na kwamba nyumba ilipozidi kuwa mbovu pengo hilo lilizidi kuwa kubwa. Walikuwa wakijibana. Matengenezo hayawezi kuokoa kitu ambacho hakikuwa kikitumika. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi tajiri yenye baridi, ambako sehemu kubwa ya nishati ya nyumbani hutumika kupasha vyumba joto, basi mtaalamu atakayekuja Michenzani na kukokotoa faida kwa kudhani kila flati ina kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha atakuwa amekosea kabla hajapanda ngazi. Katika flati nyingi faida kubwa haitaonekana kwenye mita. Itaonekana kwa mtoto anayelala usiku mzima, kwa mzee mwenye presha asiyelazimika kushuka chini mchana kutafuta upepo, na kwa pangaboi moja litakalotosha pale ambapo zamani hata mawili hayakutosha. Hizo ni faida halali, na mradi usiozihesabu utaandikwa kuwa umeshindwa hata pale utakapokuwa umefanikiwa.

Kusita kwa wakaazi hakueleweki bila kurudi kwenye namna majumba haya yalivyopatikana. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuisaidia Zanzibar, na wataalamu wake ndio waliohusika na majumba ya mwanzo ya Kikwajuni na Kilimani. Mpango wa mji wa 1968, uliotayarishwa na Mjerumani Hubert Scholz, ulitazamia Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ijengwe upya. Mzee Abeid Amani Karume akalichukua wazo la majumba ya ghorofa na kulikuza kwa kiwango chake mwenyewe: Michenzani, majumba kumi yaliyopangwa kwa umbo la msalaba, mengine yakikaribia urefu wa mita 300, katikati ya mitaa iliyokuwa na nyumba za udongo na makuti. Wananchi walifanya kazi za kujitolea katika ujenzi huo, na si wote waliojitolea kwa hiari yao. Karume aliuawa Aprili 7, 1972 kazi ikiwa haijaisha, na ujenzi ukaendelea kwa miaka kadhaa baada yake.

Waliovunjiwa nyumba zao walipewa flati badala ya walichokipoteza. Kwa familia hizo flati ni fidia, na kwa wengi ni ahadi ya Mapinduzi iliyotimizwa. Neno mpangaji haliwaingii vizuri, hata kama kwenye mafaili ya serikali jengo ni mali ya umma linalosimamiwa na Shirika la Nyumba Zanzibar. Nusu karne imepita tangu wakati huo. Hivi sasa nyuma ya mlango mmoja unaweza kumkuta aliyepewa nyumba, nyuma ya mlango wa pili warithi wake, na nyuma ya mlango wa tatu mtu aliyepangishwa na mrithi anayeishi Dar es Salaam au Maskati. Bibi aliyepewa flati anaogopa kuwa akitoka kwa miezi mitatu kupisha mafundi hatorejea. Mrithi anaogopa kuwa matengenezo yatafuatiwa na uhakiki, na uhakiki utafuatiwa na madai. Aliyepangishwa hana sababu yoyote ya kuchangia hata shilingi moja, kwa kuwa flati ikiwa nzuri zaidi yeye ndiye wa kwanza kupandishiwa kodi. Hawa watatu wanaweza kuwa na kiwango sawa cha elimu na uelewa ule ule wa nishati, lakini misimamo yao itatofautiana kwa sababu kila mmoja anasimama mahali tofauti mbele ya mlango ule ule.

Asiyeamini kuwa tatizo ni umiliki aangalie ndani ya flati zenyewe. Wakaazi wanatengeneza nyumba zao sana, tena kwa fedha zao. Wametia marumaru sakafuni, wamebadilisha madirisha, wamefunga grili, wamejenga upya jikoni na choo, na wengi wameziba veranda kwa matofali au kwa aluminiamu na vioo ili wapate chumba cha ziada. Hayo ni matumizi makubwa kwa familia ya kipato cha kawaida. Matengenezo yao, hata hivyo, yanaishia mlangoni. Nje ya mlango, ngazi zimemeguka, mabomba ya maji machafu yanavuja ukutani, na rangi imebabuka miaka mingi. Mtu huweka fedha zake pale anapojua kuwa hakuna atakayemwondolea alichokiweka. Sioni namna bora ya kuusoma mtazamo wa wakaazi kuliko mpaka huu unaoonekana kwa macho, baina ya marumaru inayong'aa ndani na saruji inayomeguka hatua moja nje yake.

Veranda hizo zilizozibwa ni mtihani mgumu kwa yeyote anayetaka kupunguza joto. Flati za aina hii hutegemea upepo unaoingia upande mmoja na kutokea wa pili, na veranda ndiyo iliyokuwa mlango wa upepo na kivuli cha ukuta kwa wakati mmoja. Ikizibwa, hewa husimama, jua hupiga kioo moja kwa moja, na familia iliyopata chumba kipya hujikuta inahitaji kiyoyozi ambacho hapo mwanzo haikukihitaji. Kiyoyozi kidogo hula wati elfu moja au karibu yake kinapofanya kazi, wakati pangaboi hula baina ya hamsini na themanini. Kihandisi jibu ni rahisi: zifunguliwe. Lakini katika chumba kile wamelala mabinti watatu, au mtoto wa kiume aliyeoa na hana pa kwenda, na mhandisi anayependekeza kivunjwe bila kusema mabinti watalala wapi hatasikilizwa, wala hastahiki kusikilizwa. Suala la joto hapa limefungamana na suala la msongamano, na mradi unaojidai kutatua la kwanza bila kuligusa la pili utakwama kwenye mkutano wa mwanzo.

Dari ndiyo habari kubwa. Zanzibar iko kiasi cha nyuzi sita kusini ya Ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, na katika miezi ya kaskazi, msimu wetu wa joto, iliyo baina ya Oktoba na Machi haliendi mbali. Kwa hiyo sehemu ya jengo inayopigwa na jua kuliko zote ni dari ya juu. Dari ya zege iliyozeeka, yenye ukungu mweusi uliokaukia baada ya masika nyingi, hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo na kuuhifadhi kama joto. Anayekaa ghorofa ya juu kabisa anayajua haya bila kipimo. Mchana huvumilika kidogo. Ni baada ya Magharibi, wakati wa chini wameshakaa barazani wanapunga upepo, ndipo dari yake inapoanza kutoa ilichokimeza tangu asubuhi. Saa tatu za usiku ukiweka kiganja ukutani unakuta bado una uvuguvugu. Saa tano watu wanamwagia maji sakafu na kutandika mkeka karibu na mlango, mlango wenyewe umeachwa wazi na pazia limefungwa fundo ili lisizuie hewa.

Tiba ya dari ni nafuu kuliko matengenezo mengine yote ninayoyajua. Nyufa zizibwe, juu yake papakwe kitu cha kuzuia maji, kisha ipakwe rangi nyeupe inayorudisha zaidi ya nusu ya mwanga wa jua, na rangi hiyo ioshwe na kurudiwa kila baada ya miaka michache, kwa sababu ukungu wetu haungoji. Hakuna anayelazimika kuhama, hakuna ukuta unaovunjwa, na kuvuja kwa mvua kunatibiwa kwa kazi hiyo hiyo. Hata hivyo ukimwendea mkaazi wa ghorofa ya chini umwambie achangie, atakuuliza swali la haki kabisa: dari hiyo ni ya nani? Yeye joto la dari halimfiki. Na wa juu naye atakujibu kuwa yeye hana dari, ana chumba. Dari ni ya serikali. Katika utaratibu wa sasa kila mmoja wao anasema kweli, na dari inaendelea kuwa nyeusi.

Kwa taa ya ngazi mambo ni yale yale kwa udogo wake. Ngazi haina mita ya mtu. Taa ya kisasa ya wati tisa hula umeme mdogo kiasi kwamba hakuna familia ambayo ingeuhisi kwenye mita yake ya Tukuza, lakini kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu, ngazi nyingi huwa kiza, na watu hupanda kwa mwanga wa simu mkononi. Pale ambapo taa inawaka, mara nyingi ni kwa sababu jirani mmoja amevuta waya kutoka kwake na kukubali mzigo huo kwa wema wake. Ninaheshimu wema huo, lakini jengo la mamia ya watu haliwezi kuendeshwa kwa subira ya jirani mmoja. Zanzibar ina Sheria ya Kondominiamu tangu mwaka 2010, na fikra kuu ya sheria za aina hiyo ndiyo khasa inayokosekana hapa: kwamba anayemiliki au kutumia nyumba ndani ya jengo ana sehemu yake katika dari, ngazi na mabomba, na ana wajibu na kura kwa kadiri ya sehemu hiyo. Fikra hiyo imewahudumia zaidi wanunuzi wa nyumba mpya. Waliokaa Michenzani tangu majengo hayajapakwa rangi nao wanaihitaji.

Nirudi Ulaya kidogo, kwa sababu fedha za miradi hii mara nyingi hutoka huko na mawazo huja pamoja na fedha. Ujerumani, baada ya muungano wa 1990, ilitengeneza upya majumba mengi ya zege ya upande wa Mashariki, ndugu wa majumba yetu, kwa kuyavisha kuta zake koti nene la kuzuia joto lisitoke. Koti hilo lina maana mahali ambapo nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri na madirisha yamefungwa. Flati ya Kikwajuni, ambayo madirisha yake huachwa wazi usiku na mchana, haina cha kufunikwa kwa namna hiyo. Inahitaji kivuli, upepo na dari nyeupe. Wazee wetu waliojenga Mji Mkongwe kwa mawe na chokaa walilijua hilo. Kuta nene, dari ndefu, madirisha ya mbao yenye luva na vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli vilifanya kazi ya kiyoyozi kabla ya waya wa umeme kufika. Ninaposema matengenezo ya kuokoa nishati, basi, sisemi habari ya kununua mfano wa Berlin.

Lakini kuna jambo moja la Ujerumani linalotuhusu moja kwa moja, nalo ni la kisheria. Mwenye nyumba aliyefanya matengenezo ya nishati anaruhusiwa kuongeza kodi ya mwaka kwa asilimia 8 ya gharama alizotumia. Hadi mwisho wa 2018 ilikuwa asilimia 11. Wapangaji walilalamika kuwa ongezeko la kodi linapita akiba wanayoipata kwenye ankara, na kuanzia 2019 ikawekwa mipaka, kwa kawaida kodi ya mwezi isipande zaidi ya yuro 3 kwa kila mita ya mraba ndani ya miaka sita. Uholanzi nayo ina kanuni kuwa mwenye majengo anapotaka kutengeneza nyumba kumi au zaidi kwa pamoja, pendekezo lake huchukuliwa kuwa la haki iwapo asilimia 70 ya wapangaji wamelikubali. Ninazitaja kanuni hizi kwa sababu zinaonesha kuwa hata mpangaji wa Ulaya, mwenye mkataba uliosainiwa na mahakama ya kumsikiliza, hakuridhika kuambiwa tu kuwa mradi ni mzuri. Alitaka kujua kodi itapanda kiasi gani na nani amekubali. Mkaazi wa Michenzani akiuliza hivyo hivyo tusimwite mgumu wa maendeleo.

Na kuna yaliyotokea London. Jengo la Grenfell lilikuwa la makaazi ya umma, na mwaka 2016 lilimaliziwa matengenezo yaliyojumuisha kuvikwa mabati ya nje na vifaa vya kuhifadhi joto. Usiku wa kuamkia Juni 14, 2017 moto ulioanzia katika flati moja ulipanda kwa nje kupitia vifaa hivyo, na watu 72 wakafa. Kabla ya hapo wakaazi walikuwa wameandika na kulalamika kuhusu usalama wa jengo lao, na hawakusikilizwa. Sitaki kumtisha mtu, wala dari nyeupe haiwezi kuunguza nyumba. Ninalotaka kusema ni kwamba malalamiko ya wakaazi ni sehemu ya taarifa za kiufundi. Anayeishi ndani ya jengo kwa miaka arubaini anajua bomba lipi limeziba, ukuta upi unatoa unyevu, waya upi huunguza soketi. Anayemchukulia kama kikwazo cha mradi anajinyima mpimaji bora kuliko wote aliyenaye.

Tukitoka kwenye joto na kuingia jikoni, tunakuta sababu nyengine ya tahadhari, nayo ina tarehe. Mei 2008 umeme unaotoka Bara ulikatika Unguja, na kiza kikadumu kwa muda wa karibu mwezi mzima. Disemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Ilikuwa miezi mitatu ya kaskazi. Mabomba yalikauka kwa sababu pampu zilisimama, na wa ghorofa za juu walipandisha maji kwa ndoo. Waliokuwa na jiko la mkaa walipika. Waliotegemea umeme walikwenda kuomba moto kwa jirani. Tangu hapo mambo yamekuwa bora: Pemba ilipata waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, Unguja ikaongezewa waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, na mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa ajili ya mageuzi ya sekta ya nishati ya Zanzibar, yakiwemo ya umeme wa jua. Lakini kumbukumbu ya miezi mitatu haifutwi na taarifa ya mafanikio. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, na ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa moshi wa mkaa ndani ya jikoni la flati ni maradhi. Hata hivyo, mama anayelificha jiko lake la mkaa kwenye kona ya veranda baada ya kununua jiko la gesi au la umeme haupingi mradi. Ameweka akiba ya usalama, na ataliondoa mwenyewe siku atakapoamini kuwa umeme hautokatika na mtungi utapatikana.

Maji nayo ni umeme, jambo ambalo katika mijadala ya kuokoa nishati hutajwa kwa nadra. Maji yasipokuwa na nguvu ya kupanda, kila familia hutafuta mota yake, na kila mota hufanya kazi peke yake kwa mita ya mwenyewe, mara nyengine ikivuta hewa tupu huku yuniti zinakwenda. Mota nyingi ndogo zinazovuta bomba moja hushindana: anayewasha yake anamnyang'anya wa juu, na wa juu hununua iliyo kubwa zaidi. Tangi moja la pamoja chini, pampu moja madhubuti na tangi jengine juu ya dari vingepunguza umeme unaopotea, ugomvi wa majirani na ndoo zinazopandishwa kichwani. Ningeulizwa ni kazi gani ingebadilisha mtazamo wa wakaazi kwa haraka zaidi kuelekea mradi wa nishati, ningesema ni hii, kwa sababu faida yake ingefunguliwa mferejini asubuhi ya mwanzo, na hakuna ambaye angehitaji kuelezwa kwa chati.

Inafaa pia kuuliza ni mtazamo wa nani tunaousikia. Mkutano ukiitishwa na sheha jioni, wanaohudhuria na kusema ni wanaume kwa wingi, na wanaume kwa wingi hawapo nyumbani saa saba za mchana. Anayepika, anayefua, anayelea mtoto katika chumba cha magharibi ambacho jua la alasiri limekikamata ni mwanamke, na yeye ndiye anayejua yuniti zimebaki ngapi. Mradi unaochukua maoni ya kamati ya maskani na kuyaita maoni ya jengo umeuliza watu wasiokuwepo. Waende mafundi wa kike, au walimu wa skuli wa mtaani wanaoaminika, wabishe mlango mmoja mmoja mchana wa jua, waketi ndani ya joto lenyewe na kusikiliza. Ni kazi ya wiki kadhaa na gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya kubandika kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Najua pingamizi litakalotolewa: serikali haina fedha za kutengeneza majumba yote, na wakaazi wamekaa kwa gharama ndogo kwa muda mrefu, basi nao wabebe sehemu yao. Sehemu hiyo naikubali. Wakaazi wengi niliowasikia wakilizungumza jambo hili nao wanaikubali, kwa sharti moja. Wanataka karatasi. Karatasi inayosema kuwa atakayehama kwa ajili ya matengenezo atarejea kwenye mlango ule ule kwa tarehe inayojulikana. Kwamba matengenezo ya nishati hayatatumika kuhakiki na kumtoa mtu. Kwamba mchango wa mwezi hautazidi kiwango kilichoandikwa kwa miaka iliyoandikwa. Na kwamba fedha hizo zitakaa katika akaunti ya jengo, hesabu zake zikibandikwa ngazini kila mwezi. Aliyepangishwa na mrithi naye ahifadhiwe dhidi ya kupandishiwa kodi kwa kisingizio cha rangi mpya ya dari. Bila karatasi hiyo, kuwaomba wachangie ni kuwaomba watengeneze mali ya mtu mwengine na kumshukuru juu yake.

Kwa upande wa utekelezaji nisingeanza Michenzani. Ni kubwa mno, linatazamwa na kila mtu, na kosa moja pale litazungumzwa Zanzibar nzima. Ningeanza Pemba, katika majumba ya Madungu au Mtemani, ambako jengo ni dogo, watu wanajuana kwa majina ya baba na babu, na joto ni lile lile. Lichaguliwe jengo moja ambalo wakaazi wake wameomba wenyewe. Kabla ya kazi kuanza, vipimajoto viwekwe katika flati za juu na za chini na yuniti za Tukuza ziandikwe kwa kaskazi nzima. Kisha dari, tangi na taa za ngazi zifanywe. Kisha kipimo kirudiwe kaskazi inayofuata. Matokeo yasomwe hadharani na wakaazi wenyewe, yakiwa mazuri au mabaya. Shirika la Umeme linaweza kutoa kumbukumbu za manunuzi ya yuniti kwa ridhaa ya kila mwenye mita, na Shirika la Nyumba linaweza kutayarisha mkataba wa mfano kwa lugha ambayo bibi wa miaka sabini atasomewa mara moja na kuielewa. Na Michenzani, ambako mistari miwili ya msalaba inapokea jua kwa njia tofauti, itahitaji vipimo vyake wenyewe, jengo kwa jengo, kabla ya mtu yeyote kuahidi nyuzi ngapi zitapungua.